SSD kubwa kwa pc ya gemu: ipi ununue na uifungeje mwenyewe

Wakuu, kabla ya kuongelea spidi tuongelee bando. Baldur's Gate 3 inataka GB 150, Red Dead Redemption 2 nayo 150, Starfield 125, sasa wewe una SSD (diski ya chipu, isiyozunguka) ya GB 256 ambayo Windows na madraiva yake yameshakula sehemu, kila ukitaka gemu mpya lazima ufute ya zamani, halafu siku ukiikumbuka ile ya zamani unaishusha upya. GB 150 kwa intaneti ya Mbps 10 ni zaidi ya masaa 33 mfululizo, na hapo umeme usikatike na mdogo wako asiguse YouTube. Kwa hiyo mimi nikipanga hizi SSD naangalia nafasi kwanza, spidi baadae, ndo maana baadhi ya zile zinazosifiwa sana utazikuta huku chini.

Angalia mashine yako kabla hujatoa hela

Pc nyingi za gemu mtaani ni mtumba wa maofisini uliochomekewa kadi ya picha. Kama yako ni Dell OptiPlex 9020 au HP EliteDesk 800 G1, hakuna sloti ya M.2 (tundu la kuchomeka SSD moja kwa moja kwenye mazabodi) humo, usihangaike kuitafuta. Kuna adapta za kuchomeka kwenye sloti ya PCIe na Windows itaiona diski, lakini kuwashia mashine kutoka humo BIOS (programu inayoiamsha mashine) za umri ule kwa kawaida hazikubali, bora ununue SSD ya SATA ya inchi 2.5, ile ya kuunganisha kwa waya, uendelee na maisha.

Kama umejenga pc mwenyewe au mazabodi ni ya miaka ya karibuni, sloti ya M.2 ipo, mara nyingi chini ya prosesa au imefunikwa na bati la kipoza joto. Hapa watu wanapigwa sana, kwa sababu M.2 ni umbo tu, ndani inaweza kuwa SATA au NVMe (ya kasi zaidi, inapita njia ya PCIe) na kwa macho zinafanana. Angalia kwenye meno ya dhahabu, NVMe nyingi zina pengo moja na zile za SATA zina mapengo mawili. Soma na kitabu cha maelekezo cha mazabodi yako inakubali ipi, kuna sloti zinakubali zote na kuna zinazokubali moja tu. Urefu unaotaka kwa pc ya mezani ni 2280, yaani milimita 22 kwa 80.

Halafu kuna hii habari ya Gen, yaani kizazi cha njia ya PCIe, kikipanda na spidi inapanda. Mazabodi ya B450 ni Gen 3, intel kizazi cha 10 nao Gen 3. B550 sloti ya juu ni Gen 4 ukiwa na prosesa ya Ryzen 5 5600, ila ukiweka 5600G inarudi Gen 3, kitu ambacho wauzaji wengi hawakuambii. Ukiweka SSD ya Gen 4 kwenye sloti ya Gen 3 inafanya kazi vizuri tu, inaishia kama MB 3500 kwa sekunde, haiungui wala nini.

Na hizo MB 3500 zinatosha? Kwa gemu zinatosha sana. Kutoka hadidiski ya kuzunguka kwenda SSD yoyote hata ya SATA ndo utaona maajabu, kutoka SATA kwenda NVMe unaokoa sekunde kadhaa kwenye kulodi, kutoka Gen 3 kwenda Gen 4 itabidi ushike saa ndo ujue. Ile teknolojia ya DirectStorage, ya kulodi gemu haraka kutoka kwenye SSD, iliyokuja kwenye pc na Forspoken mwaka 2023 watu walitegemea ibadilishe mambo, lakini hadi leo gemu zinazoitumia ni chache.

Sasa mpangilio wangu

Namba moja: NVMe Gen 4 ya daraja la kati, TB 2. Hapa nazungumzia WD Black SN770 au mrithi wake SN7100, na Lexar NM790. Hazina DRAM (memori ndogo ya haraka) yake ndani, zinaazima kidogo kwenye RAM ya mashine, na kwa gemu hutaona tofauti. Chipu zake ni TLC (biti tatu kwa kila seli), hilo ndo muhimu. SN770 inasoma kama MB 5150 kwa sekunde, NM790 inafika 7400 kwenye makaratasi. Ukiwa na hela ya kununua TB 1 ya daraja la juu kabisa, geuza uchukue TB 2 ya hizi, na kama TB 2 haifikiki chukua TB 1 ya hizihizi, usishuke GB 500 mwaka huu utajuta.

Namba mbili: Kingston NV3, na mtangulizi wake NV2. Naiweka hapa kwa sababu Kingston ni rahisi kuipata Kariakoo ya Dar au Luthuli ya Nairobi na bei yake huwa rafiki. Shida ni kwamba Kingston hawakuahidi chipu gani iko ndani, NV2 zimeshakutwa nyingine na TLC nyingine na QLC (biti nne kwa kila seli, inaandika polepole zaidi), unanunua kama bahati nasibu. QLC sio mbaya kwa kucheza, ubaya unauona siku unakopi gemu kubwa kutoka diski ya mshikaji, GB za mwanzo zinaenda mbio halafu akiba ya haraka ikijaa spidi inaporomoka, kwa baadhi inaweza kwenda hata chini ya hadidiski ya zamani. Watu wanaogopa ile namba ya TBW, yaani TB ngapi zinaweza kuandikwa ndani ya dhamana, kwamba NV3 ya TB 2 imepewa 640 tu. Fanya hesabu: ukiandika GB 50 kila siku ya Mungu, hiyo ni TB 18 kwa mwaka, utaiacha kwa watoto.

Namba tatu: SATA ya inchi 2.5, na kwa wenye OptiPlex hii ndo namba moja yenu. Samsung 870 EVO ndo ya kwanza, ina DRAM na TLC, inagonga MB 560 ambayo ndo mwisho wa waya wa SATA. Iangalie jina vizuri, 870 QVO ni kitu kingine, ni QLC. Crucial MX500 nayo ni nzuri sana ukiikuta, ila Micron walitangaza Desemba 2025 kwamba wanaachana na biashara ya Crucial kwa wateja wa kawaida, kwa hiyo usitegemee kuiona madukani muda mrefu.

Namba nne: wakubwa wa Gen 4, yaani Samsung 990 Pro na WD Black SN850X. Ni SSD safi, sina neno baya, 7300 mpaka 7450. Kama unahariri video pia zipandishe ziwe namba moja. Kama unacheza tu, hela iliyozidi iongezee kwenye kadi ya picha.

Gen 5 nimeiweka mwisho. Crucial T705 inatangaza MB 14,500, inachemka inataka kipoza joto cha maana, na kwenye gemu unapata nini? Hakuna.

Na nje ya orodha kabisa: zile SSD za nje za TB 16 zinazouzwa bei ya chakula cha mchana mtandaoni. Ndani ni memori kadi iliyofundishwa kudanganya Windows. Inaonyesha TB 16, unakopi, mwisho wa siku mafaili hayafunguki.

Ukiwa dukani muombe muuzaji aichomeke, fungua CrystalDiskInfo (programu ya bure ya kukagua diski) uangalie masaa iliyowaka na data iliyoandikwa. Mpya inatakiwa iwe karibu na sifuri, ukikuta masaa elfu kadhaa kwenye boksi lililofungwa plastiki mrudishie kistaarabu. Bei nazo zimepanda tangu mwishoni mwa 2025 kwa sababu viwanda vinahudumia data senta za AI, kwa hiyo ya rahisi kupita kiasi itilie shaka mara mbili.

Kufunga

Zima, chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde chache umeme uliobaki uishe, gusa chuma cha keisi. Kama sloti ina bati la kipoza joto lifungue, na ile plastiki nyembamba kwenye gundi yake ya chini itoe, mafundi wengi wanaisahau na diski inachemka bure. Ingiza SSD ikiwa imeinama kidogo, sukuma mpaka meno ya dhahabu yasionekane karibu yote, ukiiachia itabaki imenyanyuka yenyewe, hiyo ni kawaida. Ilaze kwa kidole, funga skrubu. Hiyo skrubu ni ndogo kama punje ya mtama na mara nyingi haiji na SSD, iko kwenye boksi la mazabodi, kwa hiyo itafute kabla hujaanza. Ukiona shimo la skrubu liko chini kuliko SSD, kuna kinguzo kidogo cha shaba hujakiweka, usikaze ikapinda.

Kama una sloti mbili, acha Windows ilipo na hii mpya iwe ya gemu. Ingia Disk Management, ianzishe kwa GPT, fomati NTFS, TB 2 itasomeka 1.81 usiende kugombana na muuzaji. Steam ingia Settings, Storage, ongeza draivu mpya, chagua gemu zote, hamisha. Na kama mshikaji ameshashusha gemu ambayo na wewe unayo kwenye akaunti yako ya Steam, tangu 2023 Steam inaweza kuivuta kutoka pc yake mkiwa kwenye wifi moja ya nyumbani bila kugusa bando.

Sloti ikiwa moja itabidi ukloni, yaani unakili diski nzima ya zamani kwenda mpya, kwa kutumia kava ya USB. Clonezilla ni ya bure, Samsung na Kingston wana programu zao. Windows 11 mara nyingi imewasha BitLocker (kufuli la kusimba data ya diski) bila kukuambia, isimamishe kwanza na uhifadhi ufunguo wake. Tumia UPS kama unayo. Ukimaliza utakuta nafasi iliyoongezeka imekaa pembeni haiungani na C, kizuizi ni kipande cha recovery kilichokaa katikati, kihamishe mwisho kwa programu ya patisheni ndo uitanue.

Ukiwasha na hadidiski yako ya zamani ya SATA imepotea, tulia, haijafa. Mazabodi nyingi zinazima poti moja au mbili za SATA ukijaza sloti ya M.2, hamishia waya poti nyingine itarudi.