Gereji ya mzee mstaafu Dearborn, na Mustang yangu ya 1966

Wadau wa magari ya zamani, hasa nyie mlioko huku Michigan na Ohio, nilishaulizwa sana inbox nani ananitengenezea Mustang so leo naandika yote mara moja. Jina la gereji sitoi kwa sababu halina, ni gereji ya nyuma ya nyumba, yanaenea magari mawili tu, na mzee mwenyewe hapendi kutajwa. Ni mstaafu wa kiwanda cha Ford cha Rouge, pale pale Dearborn, mji jirani na Detroit, anafanya magari ya Marekani ya miaka ya 60 na 70 tu, ukimpelekea Camry anakuelekeza barabara ya kurudi.

Gari yangu ni Mustang hadtopu (yenye paa la bati, sio la kukunja) ya 1966, silinda 6, nyeupe. Niliinunua Ohio kwa mtu aliyeniapia kwamba sakafu iko safi, na kwa macho kweli ilikuwa safi, rangi inang'aa, chini kumepakwa ile lami nyeusi nzito hadi raha. Nikaipeleka gereji moja kubwa (siitaji) wakakaa nayo miezi 7, kila nikienda naambiwa subiri mapokezi, wateja hawaruhusiwi ndani, mambo ya bima. Niliporudishiwa nikaendesha siku ya mvua, maji yakanidondokea miguuni, soksi chapachapa. Nikarudi nikaambiwa ni mpira wa kioo. Nikalipa mpira wa kioo. Mvua ikanyesha tena, maji yale yale. Mpaka leo ile pesa inaniuma, na kinachoniuma zaidi sio maji, ni kwamba sikuwahi hata siku moja kuona mtu anaigusa gari yangu.

Huyu mzee siku ya kwanza hakuuliza bajeti. Alichukua sumaku ndogo ameifunga kitambaa isikwaruze rangi, akawa anaipitisha taratibu kwenye bodi, mlangoni inashika, fenda inashika, ikifika chini ya mlango inadondoka. Puti, ule udongo wa kuziba bati lililooza, sumaku haiushiki. Akaipitisha nyuma ya tairi la nyuma, ikadondoka tena. Kisha akajaza jagi la maji akaniambia kaa ndani, weka kichwa chini ya dashibodi, washa tochi. Akamwaga maji kwenye yale matundu ya hewa yaliyo chini ya kioo cha mbele, nje. Nikayaona yanaingia, yanatiririka kama bomba lililofunguliwa nusu. Dakika 2 hazijaisha, jibu limepatikana, la miezi 7 ile.

Nieleze hapa kidogo kwa sababu ndo ugonjwa mkubwa wa hizi gari na muuzaji hatakuonyesha. Chini ya kioo cha mbele kuna boksi la bati, limefungwa pande zote, kazi yake kuvuta hewa safi iingie ndani ya gari, na maji ya mvua yanapita humohumo yanatokea pembeni. Majani yakijaa mle yanashika unyevu, bati linaoza kutoka ndani kwenda nje, kuzunguka yale matundu mawili ya duara, na wewe huoni chochote mpaka yameshatoboka. Huku ongeza chumvi, kila baridi barabara zinamwagiwa chumvi kuyeyusha barafu, na chini ya mji wa Detroit kwenyewe kuna mgodi wa chumvi, zaidi ya futi 1,000 kwenda chini. Mji uliotengeneza magari umekalia kitu kinachoyala. Mzee aliniambia hivo huku ananawa mikono na mimi sijaisahau.

Na Mustang haina chesisi ya peke yake kama Land Rover, bodi yenyewe ndo inabeba kila kitu. Waliitoa kwenye msingi wa Ford Falcon, ndo maana ilipozinduliwa tarehe 17 Aprili 1964 bei ilianzia dola 2,368 na siku ya kwanza tu zikaingia oda 22,000. Kwa hiyo kutu ikila sakafu na zile boksi za pembeni chini ya milango hujapoteza sakafu, unapoteza gari. Ukifungua mlango ukaona unakataa kufunga vizuri au umeshuka, usikimbilie kulaumu bawaba.

Haya, kazi yenyewe. Kulifikia lile boksi ilibidi avue boneti, fenda zote mbili za mbele, kioo cha mbele, waipa na waya zake, halafu ndo atoe lile bati la juu ambalo kiwandani lilishikwa kwa vidoti vya kuchomelea, vingi kweli, kimoja kimoja anakitafuta kwa msasa, anakitoboa na drili yenye kichwa maalumu kinachokata bati la juu bila kugusa la chini. Alinipa drili siku ya pili. Akasema fanya wewe upande wa abiria, mimi nafanya wa dereva, ukiharibu tutachomelea. Jumamosi tatu mfululizo tulifanya hiyo kazi tu. Nilikuwa nalipa, halafu na mimi nafanya kazi, na wakati wa kulipa anapunguza masaa yangu kwenye bili bila mimi kuomba. Mafundi wa hivi nilidhani waliisha.

Spea hapa ndo utaipenda Marekani. Gari ina miaka karibu 60 na karibu kila kipande kinatengenezwa upya na kuuzwa, bati la sakafu, lile boksi la chini ya kioo, tenki, raba za milango, vifungo vya zulia, hata bodi nzima tupu ya Mustang unaweza kununua mpya. Ila mzee ana neno moja kuhusu hizo spea mpya: kipande cha zamani usikitupe mpaka kipya kimekaa. Nililiona mwenyewe, bati la sakafu tulilonunua lilipishana kama nusu inchi kwenye kona, ilibidi alikate, alikunje, alirudie, na kile kipande kibovu ndo tulikitumia kama ramani.

Sasa ngoja niseme kilichonifanya niandike hii kitu yote.

Alipokuwa anasafisha ukingo wa bati karibu na injini upande wa dereva akaifikia namba ya gari iliyogongwa pale, akanisomea taratibu. Ya kwanza 6, mwaka 1966. Inayofuata F. Akanyamaza. Nikamuuliza F ni nini, akanyoosha mkono kuelekea dirishani, upande wa mto Rouge, akasema, "Dearborn. Imezaliwa pale." Ingekuwa R ni San Jose, ingekuwa T ni Metuchen, New Jersey. 07 ni hadtopu, T ya mwisho kabla ya namba ndo injini, silinda 6 ya 200, yaani inchi za ujazo 200. Tukaenda kwenye kibao cha mlangoni, rangi M, ile nyeupe wanaiita Wimbledon White, tarehe 12C, yaani 12 Machi. Mwezi huohuo wa Machi 1966 ndo Ford walisherehekea Mustang ya milioni moja. Na ile Mustang yenye namba ya kwanza kabisa, ambayo iliuzwa kwa bahati mbaya kwa rubani mmoja kule Newfoundland, Canada, Ford wakaja kumbadilishia na mpya ili wairudishe, nayo ni nyeupe hiyohiyo, iko kwenye makumbusho ya The Henry Ford hapohapo Dearborn, tulienda kuiona Jumapili moja mimi na yeye. Alisimama pale muda mrefu.

Yeye aliingia kiwandani kijana, miaka ya 70, mwanzo alikuwa anafunga milango. Anasimulia anapofanya kazi, ukimkalisha kwenye kiti umuulize hakuambii kitu. Anakumbuka kelele, anakumbuka kwamba mkono ulikuwa unaendelea kufanya ile kazi hata usiku kitandani, anakumbuka kina nani walikuwa wanasimama kushoto na kulia kwake na wangapi wameshafariki. Mustang zilitoka pale mpaka 2004, halafu zikahamia kiwanda cha Flat Rock, hukuhuku Michigan. Anasema siku ya mwisho alikuwepo, na hapo husimamisha hadithi.

Mimi baba yangu alikuwa fundi mtaa wa Gerezani, Dar, Peugeot 404 na Land Rover za idara za serikali. Enzi hizo spea hakuna, gasketi alikuwa anakata mwenyewe, anaweka karatasi ngumu juu ya chuma, anagonga ukingo taratibu na nyundo yenye kichwa cha mviringo mpaka karatasi inajikata yenyewe kwa umbo la chuma. Mlio wake naujua hata usingizini, tiki tiki tiki, nilikuwa nakaa kwenye tairi namsubiri anipe hela ya mihogo. Sasa siku moja niko nje ya gereji ya huyu mzee napiga msasa fenda, nikausikia. Tiki tiki tiki. Nikaingia nikamkuta ameinama kwenye hauzingi ya themostati, karatasi juu, nyundo ndogo mkononi. Gasketi ya dukani ipo, dola chache tu, ila ilikuja na tundu moja halikai sawa na yeye hakutaka kusubiri nyingine. Baba na huyu mzee hawakujuana, hawana lugha moja, mmoja Mzaramo mwingine Mmarekani wa ukoo wa Kipoland, na mkono ni uleule. Nilitoka nje nikakaa kidogo kwanza.

Injini aliipenda. Wengi wakisikia Mustang wanataka V8 ya 289, na kweli nguvu hazilingani, hii yangu ilitoka kiwandani na farasi 120. Ila kranki imekalia beringi 7, ni injini ngumu, na ukifungua boneti unaona kila kitu, mkono unapita pande zote. Udhaifu wake ni kwamba manifodi ya kuvutia hewa imemiminwa pamoja na silinda hedi, kipande kimoja, huwezi kuibadilisha ukaweka kubwa zaidi, kwa hiyo wanaotaka kuiongezea nguvu wanahangaika. Mimi sitaki. Alifungua hedi akaweka siti ngumu za valvu, maana zile za zamani zilitegemea petroli yenye madini ya risasi na hiyo barabarani Marekani ilipigwa marufuku 1996. Kabureta, Autolite 1100, aliisafisha akabadilisha raba na daiframu. Paipu zote za mafuta akatoa akaweka mpya, petroli ya siku hizi ina ethanoli na inakula raba za zamani, ukisikia harufu ya petroli kwenye gari yako ya kale usiseme ni kawaida yake. Oili anataka yenye zinki ya kutosha kwa ajili ya kamshafti. Pointi za distribyuta, zile zinazokata na kuunganisha umeme wa plagi, kaziacha, nilimwomba aweke za elektroniki akasema kwanza ujifunze kuzirekebisha kwa kipimo, ukishajua ndo uamue. Nimejifunza. Nimeziacha.

Breki hakukubali mjadala. Hizi za 1966 masta silinda ina chumba kimoja tu, paipu moja ikipasuka breki zote nne zimekwenda, ya vyumba viwili Ford walianza kuweka 1967. Alisema hatatoa gari gerejini kwake na ile ya chumba kimoja, kama sitaki nimlipe nikaibebe kwa trela. Tukaweka ya vyumba viwili. Hata kwenye buti alinionyesha kitu, juu ya tenki la petroli ndo sakafu ya buti yenyewe, hakuna bati lingine katikati, kwa hiyo mizigo yako imekaa juu ya tenki. Tangu siku hiyo sibebi chuma mle.

Mapungufu yapo na nayasema. Ni polepole sana. Kazi aliyosema miezi 3 ilichukua 9, na kuanzia Desemba mpaka Machi hafanyi kitu, gereji haina hita na magoti yanamuuma. Risiti anaandika kwa mkono, dhamana ni neno lake. Rangi hapigi, ilibidi niipeleke kwingine, na huko nilisimama mlangoni kila wiki mpaka wakanizoea. Umeme wa taa za nyuma alifunga mara mbili ndo ukakaa, macho yake kwenye waya nyembamba sio ya zamani, mara ya pili nilimshikia tochi nikamsomea rangi za waya. Na kama unataka gari ya maonyesho, kila bolti na alama yake ya kiwandani, huyu sio mtu wako, yeye anatengeneza gari itembee.

Na inatembea. Agosti hii niliipeleka Woodward Dream Cruise, ile ya Jumamosi ya tatu ya mwezi, kutoka Ferndale mpaka Pontiac, magari ya kale barabara nzima, joto kali, foleni, injini haikupanda temperecha hata kidogo. Watu wazima wanakusogelea kwenye foleni wanakuambia mama yangu alikuwa na hii hii, nyeupe hii hii, wanaomba washike usukani. Nawaacha washike.

Kwa bei, kwangu alichaji dola 55 kwa saa, spea ununue mwenyewe, yeye anakuandikia kwenye karatasi uagize nini na usiagize nini. Nampa nyota tano za kazi, tatu za muda. Anayetaka aniandikie inbox nitamuuliza mzee kwanza kama anapokea gari, sa hivi ndani ana Ford Fairlane ya 1967 na Ford Ranchero moja imeoza vibaya sana, kwa hiyo kabla ya Aprili msitegemee.