Bisibisi ya toki kwa bunduki ya .22: nunua hii kabla ya kuwaza mtutu mpya

Niseme mapema kabisa wadau, kama una bunduki ya .22 ya kulengea shabaha na unajiuliza uanzie wapi kuiboresha mwenyewe nyumbani, anza na bisibisi ya toki, yaani ya kupima nguvu ya kukaza skrubu, ile inayolia klak ukifika kwenye namba uliyoweka. Sio mtutu mpya, sio triga ya bei mbaya, sio skopu refu. Hii yangu nimefungia na kufungulia bunduki za bolti na zile za kujipakia zenyewe, na naipa nyota nne kati ya tano, hiyo moja niliyobana nitaielezea huko chini.

Kwanza tuelewane kwa nini skrubu. Risasi ya .22 Long Rifle ina baruti ya kuwashia ndani ya ukingo wa ganda, kwa hiyo ganda likishapigwa limekwisha kazi, hatukai mezani kupima baruti na kujaza upya kama wanavyofanya wenzetu wa bunduki kubwa. Wao wanarekebisha risasi iifuate bunduki, sisi tunarekebisha bunduki iifuate risasi ya dukani, hatuna njia nyingine. Na kirisasi chenyewe kina uzito wa gramu 2.6 hivi na kinakwenda polepole, yaani kinakaa ndani ya mtutu muda mrefu zaidi, na muda wote huo chuma kinatetemeka kama uzi wa gita. Sasa kama skrubu zinazobana chuma (mtutu na mwili wa bunduki) kwenye kitako leo zimekazwa hivi na wiki ijayo ukisafisha ukakaza kwa mkono vingine, hiyo sio bunduki ileile tena, na utahangaika kulaumu risasi, upepo, macho, kumbe ni skrubu.

Kifaa chenyewe hakina makuu. Mpini, kola ya kuzungusha, mstari wa namba, na kichwa chenye sumaku cha kushika vijino, zile ncha za kubadilisha zinazoingia kwenye skrubu. Yangu inaanzia inchi-pauni (kipimo cha nguvu ya kukaza) 10 hadi 65, ambayo ni kama newton-mita 1.1 hadi 7.3 (gawanya inchi-pauni kwa 8.85 utapata), na kwa .22 hapo umemaliza, maana skrubu za ringi za skopu nyingi zinataka inchi-pauni 15 hadi 18 tu na za kitako cha mbao kisicho na nguzo za chuma ndani mara nyingi zinacheza kati ya 15 na 25. Lakini namba ya mwisho ni ya kitabu cha bunduki yako, sio yangu wala ya jamaa yeyote, ukizidisha kwenye mbao unaibonyeza nyuzi zake na haitarudi.

Sasa utamu wake. Toa magazini, fungua bolti, angalia chemba kwa jicho na uiguse kwa kidole, ndo uanze. Simamisha bunduki wima ikae kwenye kitako, weka ncha ya kidole pale mtutu unapokutana na mbao, nusu kidole kwenye chuma nusu kwenye mbao, halafu legeza skrubu ya mbele taratibu. Kama chuma kimekaa vizuri hutasikia kitu. Kama kimekaa kwa kulazimishwa utasikia mtutu unanyanyuka chini ya kidole, kidogo sana, lakini unausikia, na hapo umeshajua kwamba kila ukikaza unakikunja chuma. Tatizo hilo bisibisi haitibu, linataka epoksi chini ya chuma (na dawa ya kuzuia kugandana, usiisahau hiyo hata kwa bahati mbaya maana utaunganisha bunduki na kitako milele), ila angalau umejua ugonjwa kabla ya kununua dawa.

Kama chuma kimetulia basi unafanya jaribio la toki. Unaanza chini, tuseme 15, mbele kwanza halafu nyuma, unapiga makundi (risasi kadhaa ukilenga palepale, uone matundu yamekaribianaje), unapanda kidogo kidogo bila kuvuka namba ya kiwandani, unapiga tena, risasi zilezile za boksi lilelile, mifuko ya mchanga ileile. Kuna mahali matundu yanaanza kukusanyika na kuna mahali yanafunguka, na mimi nilichokiona wazi zaidi sio hata ukubwa wa kundi, ni yale matundu mawili matatu ya kupotea juu kulia yaliyokuwa yananitia wasiwasi, skrubu zilipofika mahali pake yakarudi nyumbani. Halafu jambo la pili ambalo kwangu ndo kubwa kuliko yote: ukishaipata hiyo namba unaiandika, na kila ukifungua bunduki ukaifunga unarudi palepale. Kwa mkono hilo haliwezekani, usidanganywe na mtu anayesema anajua kwa kuhisi.

Ila tafadhali msipime kwa kundi la risasi tatu. Risasi tatu zinaweza kupita tundu moja kwa bahati tu halafu ukaita ndugu waje kuona. Piga kumi kwenye kundi moja, na makundi kadhaa kwa kila namba, na siku isiyo na upepo, kwa sababu upepo wa ubavuni wa mita 4 na nusu kwa sekunde unaisukuma .22 kama sentimita mbili na nusu ukiwa mita 50, wakati duara la 10 kwenye shabaha ya mita 50 ya ISSF, shirikisho la kimataifa la mchezo wa shabaha, lina kipenyo cha milimita 10.4 tu. Hapo utaona tofauti ya skrubu yote imemezwa na upepo.

Na kuhusu risasi niseme ukweli, bisibisi hii haishindani na risasi nzuri. Kama unatumia zile za kasi kubwa zinazotoka juu ya mwendo wa sauti, ambao ni kama mita 340 kwa sekunde, zinashuka tena chini ya huo mwendo zikiwa njiani na hapo zinayumba. Za kasi ya kawaida zinatoka chini ya sauti tangu mwanzo, mita 325 au 330 hivi, na upepo unazisukuma pungufu kuliko zile za kasi kubwa, watu wengi hawaamini hilo mpaka wajaribu. CCI Standard Velocity ni pa kuanzia pazuri, SK Standard Plus ni hatua ya juu yake, Eley Tenex na Lapua Center-X ni za wenye mashindano. Lakini hata jina moja lina namba tofauti za toleo kwenye boksi, na mtutu wako unaweza kulipenda toleo moja na kulikataa jingine la jina hilohilo, ndo maana washindani wa kweli wanapima matoleo kwanza halafu wananunua kwa kasha. Na ukibadilisha aina, piga kama 20 hivi kabla ya kuhukumu, mtutu unahitaji kuzoea nta mpya iliyopakwa kwenye risasi.

Kwa wenye Ruger 10/22, hii bunduki ipo tangu 1964 na karibu kila kitu chake kinabadilishika, lakini kumbuka ina skrubu moja tu ya kushika chuma kwenye kitako, na mtutu umeshikwa na kipande chenye skrubu mbili. Kwa hiyo jaribio lako ni la hiyo moja, na zile mbili za mtutu uzikaze sawasawa kwa kupokezana, moja kidogo, nyingine kidogo. Hapo bisibisi ya toki inaonyesha thamani yake kuliko hata kwenye za bolti.

Kisichohusu bisibisi lakini nakiona kila siku: mdomo wa mtutu. Watu wanasafisha kwa kupitisha fimbo ya chuma kutokea mbele, inasugua ukingo pale risasi inapotokea, halafu wanashangaa makundi. Safisha kutokea nyuma, kwa kiongoza fimbo, na usisugue kila siku kama sufuria. Ule utando mgumu wa kaboni mbele ya chemba ndo wa kuangalia. Triga ikiwa nzito mpeleke fundi bunduki, usichukue tupa ukapunguza chuma mwenyewe, triga inayojiachia yenyewe inaua mtu.

Haya, ile nyota moja. Vijino vilivyokuja nayo ni laini, kile cha skrubu ya mfereji kilianza kujipinda pembe mapema, na kijino kilichojipinda kinakwaruza kichwa cha skrubu. Tafuta vijino vya chuma kigumu vinavyokaa kwenye mfereji bila kucheza. Pili, mwisho wa chini wa namba, pale 10 hadi 12, klak yake ni hafifu mno, kwenye chumba chenye kelele unaweza kuipita bila kujua, kwa hiyo kwa skrubu zinazotaka namba ndogo hivyo nenda taratibu sana na sikiliza kwa mkono. Tatu, mpini ukipata mafuta unateleza.

Na usiitumie kufungulia skrubu iliyogoma, tumia bisibisi ya kawaida kwa hiyo kazi. Ukimaliza rudisha kola kwenye namba ya chini kabisa kabla ya kuiweka kwenye kisanduku, springi ikikaa imebanwa miezi na miezi inalegea na namba zinaanza kukudanganya.