Injini imechoka: isukwe upya au inunuliwe ya mtumba?

Gari likianza kula oili, mafundi wengi watakuambia ununue injini nyingine. Usitoe pesa kabla ya kupima kompresheni, yaani presha ya mgandamizo, ya kila silinda. Iliyo dhaifu imwagiwe kijiko cha oili, ipimwe tena. Presha ikipanda, ringi zimelika. Isipopanda, shaka iende kwenye valvu au gasketi ya hedi (kichwa cha injini). Maji ya rejeta yakipungua huku moshi mweupe haukomi hata injini ikiwa ya moto, chunguza hedi.

Ndiyo maana chaguo langu la kwanza ni kutengeneza kilichokufa peke yake. Gasketi, sili za valvu au hedi iliyopinda kidogo havitoshi kuifanya injini nzima itupwe.

La pili, kwa gari dogo la petroli, ni injini ya mtumba kutoka Japani. Kwa 1NZ-FE, ile ya cc 1,500 iliyomo kwenye Toyota IST na Probox, hili ndilo jibu: bloku yake ni ya aluminiamu, kuta za silinda nyembamba, silinda zake hazikuundwa zipanuliwe. Iwe kwenye maduka ya vipuri ya Gerezani, Dar es Salaam, au Kirinyaga Road, Nairobi, nenda na fundi wako. Fungueni kifuniko cha oili mtazame kama kuna tope jeusi, toeni plagi, zungusheni krenki kwa spana, angalieni kutu kwenye njia za maji. Ulizeni kama bei ina alteneta na stata. Hakikisheni pia inafanana na ya kwenu: baadhi ya 1NZ hufunguliwa hewa kwa waya wa ekseleta, nyingine kwa umeme.

Kusuka injini, yaani kuifungua yote na kubadilisha vilivyolika, naona kuwe nafasi ya tatu, lakini kuna injini mbili ambazo kwangu kunapanda hadi ya pili. Moja ni 1HZ ya Land Cruiser, dizeli ya silinda sita yenye bloku ya chuma, ambayo silinda zake hupanuliwa na kuwekewa pistoni kubwa zaidi. Nyingine ni 2AZ-FE ya Toyota, ya lita 2.4. Toleo lake la miaka ya 2006 hadi 2009 lilijulikana kwa kula oili, hata Toyota ikaongeza dhamana Marekani na kubadilisha pistoni na ringi. Ukinunua mtumba wa miaka hiyo unaweza kulipia ugonjwa uleule. Bora pistoni na ringi za muundo uliorekebishwa.

Injini mpya ya kiwandani naiweka mwisho. Kwa gari kuukuu, bei yake huweza kuipita thamani ya gari lenyewe. Bodi ikiwa imeoza na giaboksi inateleza, uza.

Yoyote utakayofunga, safisha rejeta, badilisha thamostati na pampu ya maji. Kama joto ndilo lililoua ya kwanza, litaua na ya pili. Dai risiti yenye namba ya injini, kisha peleka mabadiliko TRA (mamlaka ya mapato) kwa Tanzania, au NTSA (mamlaka ya usafiri na usalama barabarani) kwa Kenya, kwa sababu namba hiyo imo kwenye kadi ya gari na mnunuzi wa kesho ataikagua.