Mrejesho: darasa la kuchora picha za mtindo wa Tingatinga, Msasani

Haya nimeenda, Jumamosi mbili. Ni kwa fundi mmoja anafundishia barazani kwake, hana bango wala nini, uliza ukifika.

Kwanza mjue nilikoanzia. Mwaka jana nilipata ajali ya daladala, mguu ukapona vizuri ila kichwa ndo kikagoma, honi ikilia nyuma yangu naruka, usiku silali, dada wa kliniki ninapopata ushauri akasema tafuta kazi ya mikono.

Fundi kanipa kipande cha hadibodi na rangi ya mafuta ya kopo, akasema mchore kanga. (Ndege jamani, mi nilishawaza doti ya khanga na msemo wake 😂.) Siku ya kwanza nimepaka mwili mweusi tu basi, rangi ile haikauki upesi, narudi home nanung'unika, elfu 25 kupaka weusi?? Lakini wiki nzima nikilala nawaza vile vidoti vyeupe ntavipangaje, mara mbili nimepitiwa na usingizi humo humo.

Jumamosi ya pili ndo vidoti, kimoja kimoja kwa ncha ya kijiti, masaa mawili. Shingoni mkono ulikuwa unatetemeka, pamekaa kama mchele uliomwagika, ila kufika mgongoni vimenyooka, na bajaji ikapita nje inapiga honi nikaja kuisikia ishafika mbali. Nikalia kidogo. Fundi akajifanya anaosha brashi, hajaniuliza kitu tangu mwanzo mpaka mwisho na hapo ndo nampa nyota zake zote.

Akinipigia stori tu za Mzee Edward Tingatinga, alivyoanza 1968 na rangi za baiskeli na vipande vya bodi, 1972 polisi wakampiga risasi wakidhani ni mwizi. Miaka minne tu kachora yule, na leo watu wanasomesha watoto kwa mtindo wake.

Mabaya: saa tatu yake ni saa nne, na thina inanuka balaa, mwenye pumu akae upande wa barabarani. Kliniki sijaacha, msije mkasema nimewaambia brashi ni dawa. Nyota nne. Vaeni nguo mbovu, gauni langu la kitenge lina doa jeusi pajani halitoki mpaka leo.