Jeti au flaiwili nzito? Kutuliza tu-stroki kwenye njia za Menengai

Injini ya pikipiki ya tu-stroki (ya mipigo miwili ya pistoni) husinzia kwenye mizunguko ya chini, kisha huamka kwa kishindo, na kwenye vumbi la Menengai, kreta iliyo karibu na Nakuru, kishindo hicho hukuangusha. Dawa ni mbili: kubadilisha jeti au kufunga flaiwili nzito.

Kubadilisha jeti za kabureta (vitundu vinavyopima petroli iingiayo kwenye injini) ni nafuu, na ndiko ningeanzia. Nakuru iko juu, takriban mita 1,850, na hewa ni nyepesi. Pikipiki iliyopangwa kwa Mombasa hapa hunywa petroli kupita kiasi: moshi, kikohozi, plagi nyeusi yenye mafuta. Weka jeti ndogo zaidi ya mwendo wa chini, shusha kidogo sindano ya kabureta (ikishuka hubana petroli), ujaribu. Lakini ukiteremka Kisumu, karibu mita 1,130, hewa huwa nzito, na mpangilio uleule unaweza kuinyima injini petroli pamoja na oili iliyochanganywa humo. Pistoni hukwama. Hapo hakuna mzaha.

Flaiwili nzito (gurudumu la uzito linalozunguka pamoja na injini) haijali mwinuko. Haiongezi nguvu, huifanya ije taratibu, na injini haizimiki ovyo ukipanda mawe polepole. Ubaya wake, pikipiki huchelewa kuitika ukivuta mafuta (wapenda mashindano watanuna). Kwa njia za mlimani mimi ningeifunga, ila baada ya jeti kukaa sawa: injini inayokohoa itaendelea kukohoa hata ikiongezwa uzito.