Hachi au Togo: ipi utazame na watoto?

Mbwa wawili, na visa vyote viwili vinagusa mwaka 1925. Filamu ya Hachi (2009), alimoigiza Richard Gere, imehamishia Marekani kisa cha Hachikō, mbwa wa Tokyo aliyemngoja profesa wake stesheni karibu miaka 10 baada ya mzee huyo kufariki mwaka huo. Ni nzuri mno, ila inakwenda polepole, na mwanangu wa miaka 6 alilia mpaka akalala bila kula. Nitairudia wakikua.

Togo (2019) ndiyo ninayowapendekezea wazazi wenzangu wa hapa Moshi. Willem Dafoe anaigiza Leonhard Seppala, anayevuka barafu ya bahari huko Alaska na mbwa wake mzee, Togo, mwaka huo huo wa 1925, ili watoto wa mji wa Nome wapate dawa ya dondakoo. Dondakoo! Ugonjwa ule ule ambao watoto wetu huchanjwa kliniki. Nilipowaeleza hivyo, wangu waliacha kushangaa theluji, ile wanayoiona kwa mbali Kibo, wakaanza kumshangilia Togo. Alikimbia zaidi ya kilomita 400, lakini sifa zilimwendea Balto, mbwa mwingine aliyemalizia kipande cha mwisho cha safari hiyo ya kupokezana. Binti yangu alikasirika kwelikweli, kisha akatoka nje kumpelekea mbwa wetu ugali na dagaa.