TAHADHARI: Kuna kishoka (wakala feki) wa makadirio ya kodi anazunguka Kilombero, Mbauda na Ngarenaro

Wafanyabiashara wa Arusha, hasa wenye vibanda, mafundi, mama lishe na ninyi mnaofanya kazi za kujitegemea, someni hii kabla hamjampa mtu namba zenu za NIDA.

Kuna kijana mtanashati, shati limenyooka, beji shingoni ila muda wote imegeukia kifuani husomi kitu. Hasemi waziwazi kuwa ni mtumishi wa TRA (Mamlaka ya Mapato), anakuacha ujijazie mwenyewe. Anapita zaidi tarehe za kulipa awamu za kodi zikikaribia, maana anajua mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba kila mtu ana presha. Maneno yake hayabadiliki: "Makadirio yako yamepanda, dada, ila nina mtu wangu ndani, nitakushushia." Kisha anataka TIN (namba ya mlipakodi), NIDA, neno la siri la akaunti yako ya mlipakodi na tarakimu zinazoingia kwa meseji. Hela ya kodi unamtumia yeye kwenye simu yake, "nikalipe kwa pamoja na za wenzako."

Mimi nina steshenari, kwa hiyo karatasi zake zinapita mikononi mwangu. Mama mmoja wa mitumba alileta stakabadhi aliyotumiwa WhatsApp nimprintie. Haikupita muda fundi simu naye akaja na ya kwake. Majina tofauti, kiasi tofauti, kontrol namba (namba ya kumbukumbu ya malipo) ileile mpaka tarakimu ya mwisho! Kontrol namba hutoka kwa malipo ya mtu mmoja, haiwezi kuwa ya watu wawili. Ukiitazama ile karatasi kwa karibu, tarakimu za kiasi ni nene kuliko maandishi mengine na zimepanda juu ya mstari kidogo. Mtu kabandika.

Yule mama alikuja kujua ukubwa wa jambo alipofuatilia leseni: TIN yake inasoma deni, awamu zote alizomkabidhi kijana hazijafika popote. Kujaribu kuingia kwenye akaunti, namba ya simu iliyosajiliwa siyo yake tena. Jamaa aliibadilisha, kwa hiyo meseji zote za kodi zilikuwa zinaingia kwake. Na deni halimfuati kishoka, linamfuata mwenye TIN, pamoja na riba.

Kinachoniuma ni kwamba vitu anavyouza vingine ni bure. TIN hutolewa bure. Yeye anachukua elfu hamsini.

Halafu hiyo "kushushiwa" hakuna muujiza ndani yake. Mfanyabiashara mdogo ambaye mauzo yake ya mwaka hayazidi milioni 100 hutozwa kwa jedwali linalotazama mauzo, siyo sura ya mtu. Mauzo yasiyozidi milioni 4 kwa mwaka hayana kodi ya mapato. Kwa viwango vilivyowekwa 2019, mwenye mauzo kati ya milioni 4 na 7 asiye na kumbukumbu analipa 100,000. Mwenye kumbukumbu analipa asilimia 3 ya kile kilichozidi milioni 4. Chukua mauzo ya 5,500,000: ukiwa na daftari linaloeleweka ni 45,000 kwa mwaka mzima. Daftari la mistari linakushushia zaidi ya huyo "mtu wa ndani", na halikuombi neno la siri.

Mnaojitegemea, hapa ndipo anapowaumiza zaidi. Amewaambia baadhi ya vijana wa ushauri na mafunzo kwamba atawaingiza kwenye jedwali la wafanyabiashara wadogo. Huduma za kitaalamu, za kiufundi, za ushauri wa uendeshaji na za mafunzo hazimo kwenye jedwali hilo. Ninyi mnatoa makadirio ya awali, na kwa wanaofuata mwaka wa kalenda ni ifikapo 31 Machi, kisha ritani (taarifa ya mapato na kodi ya mwaka) ndani ya miezi sita baada ya mwaka kuisha. Kampuni ikikukata asilimia 5 ya kodi ya zuio (inayokatwa kwenye malipo yako kabla hujalipwa), idai cheti chake, maana kiasi hicho kinahesabika kwenye kodi yako. Vyeti hivyo msimwachie mtu "akutunzie".

Najua kwa nini watu wanamfuata. Uko peke yako dukani, ukifunga nusu siku mauzo yamekwenda. Basi ukihitaji mtu wa kukusaidia, tafuta mshauri wa kodi aliyesajiliwa au mhasibu mwenye usajili wa NBAA (bodi ya wahasibu). Mlipe ada yake kando, na kodi ilipe mwenyewe kwa kontrol namba, benki au kwa simu. Ukiwa na shaka na karatasi yoyote piga bure TRA, 0800 750 075 au 0800 780 078, uwasomee namba iliyoandikwa.

Kama ulishampa taarifa zako, badilisha neno la siri leo. Ukishindwa kuingia nenda ofisi ya TRA na kitambulisho chako, hakikisheni namba ya simu na barua pepe zilizosajiliwa ni zako, uliza na deni linasomaje. Meseji zake na miamala ya simu usifute. Fundi simu ameshachukua RB (namba ya taarifa iliyofunguliwa polisi), na polisi wanataka wengine waliotapeliwa waende na ushahidi wao. Wa Moshi nanyi kaeni macho, amewaaga watu hapa kwamba anahamia huko.